Kebo Iko Mkononi, na Bado Inajibu

Simu ililia saa mbili kasorobo asubuhi nikiwa ndani ya matatu, Jogoo Road hapa Nairobi, mvua inanyesha na foleni haisongi. Alikuwa madam wa hesabu wa duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi kule Industrial Area, watu ambao nimewahudumia kwa miaka sita sasa.

"Fundi, hii printa mpya imekataa kabisa. Lori nne ziko langoni na hakuna karatasi hata moja imetoka."

Nikamuuliza kama inakataa kompyuta zote.

"La. Kwa laptopu yangu inachapa vizuri. Kwa ile ya bosi pia. Inakataa seva tu."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonipoteza njia hadi saa nane mchana. Kabla sijashuka kwenye matatu nilikuwa nimeshatoa hukumu: kosa ni la seva. Naandika haya kwa sababu najua mafundi wenzangu wengi mjini hapa wana mteja wa namna hii, mwenye seva kuukuu inayobeba biashara nzima mgongoni, na najua jinsi ilivyo rahisi kumtwika mkongwe lawama ya kila kitu.

Seva yenyewe inakaa kwenye kabati la mbao chini ya ngazi, na feni ndogo ya mezani inaipulizia mchana kutwa. Inaendesha Windows Server 2008 R2, toleo ambalo Microsoft waliacha kulitunza tarehe 14 Januari 2020. Hii ya hapa iliachwa hata mapema zaidi. Kuna mtu alizima masasisho zamani, akihofia programu ya stoo isije ikavurugika. Programu hiyo ndiyo roho ya duka. Mzee wa stoo anaingiza oda kwenye kompyuta yake, lakini kazi yote inafanyika ndani ya seva, na ni seva inayotuma karatasi kwa printa: nakala ya dereva, nakala ya mteja, nakala ya kubaki. Dereva wa lori hatoki langoni bila karatasi hiyo, na soja wa lango hafungui bila kuiona.

Nilipofika, mzee alikuwa amekaa kwenye meza yake akiandika kwa mkono katika kitabu cha nakala tatu chenye kaboni. Amefanya kazi ya stoo tangu kabla sijazaliwa, na mwandiko wake umesimama wima. Mabati ya geji 30, misumari ya inchi nne, saruji mifuko mia moja na ishirini. Alikuwa akikandamiza kalamu kwa nguvu ili maandishi yafike nakala ya tatu, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimekuwa cha buluu.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Si mbaya, kijana wangu. Tuokoe. Mkono unauma, na huyu dereva wa Machakos amenguruma tangu saa kumi na mbili."

Akaniambia yaliyotokea, na namshukuru kwa sababu alinieleza yote, tena kwa mpangilio. Printa ya zamani ilikufa Ijumaa jioni. Jumamosi ikanunuliwa nyingine mjini, na kijana wa ofisini anayejua mambo ya kompyuta akaifunga. Akaipa namba ya mtandao ya ile ya zamani, 192.168.1.201, ili seva isiguswe. "Halafu Jumamosi hiyo hiyo," mzee akaongeza, "kulikuwa na watu wengine hapa wakivuta waya, kelele tupu." Nikaitikia kwa kichwa, nikapita kwenda kwenye kabati. Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile.

Nilikaa mbele ya seva nikafanya jambo ambalo kila fundi hulifanya kwanza: nikafungua dirisha jeusi nikaandika ping, amri ya kuuliza kama kuna kifaa kinachojibu, pamoja na ile namba. Majibu manne kwa manne, kila moja chini ya milisekunde moja, hakuna lililopotea. Nikajiambia basi, printa ipo, kebo ni nzima, mtandao ni mzima. Tatizo liko ndani ya sanduku hili.

Kwenye foleni ya uchapishaji kulikuwa na karatasi 23 zimekwama, ya kwanza ikiwa na alama ya kosa. Nikasimamisha huduma ya Print Spooler, inayopanga kazi za printa kwenye foleni, kwa amri ya net stop spooler, nikaingia kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na kufuta kila kilichokuwamo. Mle ndani kila kazi huwa na faili mbili. Ile ya SPL imebeba ukurasa wenyewe, na ya SHD imebeba habari zake: nani ametuma, na inakwenda printa gani. Faili moja ikiharibika, foleni nzima inaweza kusimama kama matatu iliyoharibikia kwenye daraja. Nikaiwasha tena huduma, mzee akatuma karatasi moja ya majaribio. Ikakwama. Nikarudia. Ikakwama. Mara ya tatu nikaiwasha upya seva nzima, jambo linalochukua dakika kumi na mbili kwa mashine ile, huku madereva wakipiga honi nje.

Saa tano nikaamua kuizunguka. Kama laptopu ya madam inachapa, kwa nini laptopu isiwe daraja? Nikaishirikisha printa kutoka kwa laptopu yake, nikaenda kwenye seva kuiunganisha. Ikaniletea kosa 0x0000011b.

Kosa hilo nalijua, na inafaa nilieleze vizuri kwa sababu linawasumbua wengi wenye mchanganyiko wa mashine mpya na za kale. Januari 2021 Microsoft walitoa kinga dhidi ya udhaifu unaojulikana kama CVE-2021-1678, uliohusu namna kompyuta mbili zinavyozungumza kuhusu uchapishaji. Septemba mwaka huo wakaifanya kinga hiyo kuwa ya lazima: kompyuta inayoshirikisha printa sasa inadai mazungumzo yafungwe kwa usimbaji, na kompyuta isiyojua kufanya hivyo inafungiwa mlango. Laptopu ya madam imesasishwa. Seva haijui lolote kuhusu sharti hilo. Ndipo linapozaliwa kosa.

Nikampigia rafiki yangu tuliyesoma naye. Akaniambia neno ambalo ungeambiwa na mafundi tisa kati ya kumi: ingia kwenye rejista ya laptopu, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, weka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled iwe sifuri, kazi imekwisha. Na kweli ingekwisha. Lakini laptopu hiyo ndiyo inayoshika mishahara na akaunti za benki za duka, na inatoka nje kwenda nyumbani kwa madam kila jioni. Kuvua kinga kwenye mashine iliyo salama ili kuiridhisha isiyo salama ni kinyume cha kazi yangu. Sikufanya, na bado naona niliamua sawa, hata kama lori nne za asubuhi zilikuwa zimeshakuwa sita.

Saa saba na nusu nikawa nimebaki na jambo moja ambalo sikuwa nimeligusa: kebo. Ofisi ya printa iko upande wa pili wa ukumbi, na kutoka pale huoni skrini ya seva. Nikaandika ping -t, ile inayoendelea kupiga bila kukoma mpaka uizuie, nikamwomba mzee akae mbele ya skrini.

"Mzee, unaona hii mistari inavyoteremka? Nitachomoa kebo kule. Ikisimama, niite."

Nikaenda. Nikachomoa kebo nyuma ya printa. Kale kataa ka kijani kando ya tundu kakazimika. Nikasubiri. Kimya.

"Mzee! Imesimama?"

"Bado!"

Nikafikiri labda hajaelewa. Nikahesabu mpaka kumi.

"Sasa je?"

"Inakimbia tu, kijana!"

Nikavuka ukumbi na kebo ya ziada niliyoenda nayo kubadilishia bado iko mkononi. Mzee alikuwa amekunja mikono kifuani, uso karibu na skrini. Mistari ilikuwa inateremka, mmoja baada ya mwingine, jibu kutoka 192.168.1.201, jibu kutoka 192.168.1.201, chini ya milisekunde moja, haina wasiwasi wowote. Printa ilikuwa haijaunganishwa na kitu chochote duniani isipokuwa waya wa stima.

Nilisimama pale, na tumbo likanishika. Kwa saa nne na nusu nilikuwa nimeuliza kama kuna anayejibu kwenye namba ile. Sikuwa nimeuliza hata mara moja ni nani anayejibu.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Niliandika arp -a, amri inayoonyesha kila anwani ya mtandao na anwani ya kifaa iliyo nyuma yake. Anwani ya kifaa ina tarakimu kumi na mbili zilizoandikwa kiwandani, na sita za kwanza humtambulisha aliyetengeneza. Nikaandika zile za 201 kwenye kiganja cha mkono, nikaenda nyuma ya printa, nikainama na tochi ya simu kusoma kibandiko. Hazikufanana hata mbili za mwanzo.

Tukarudi kwenye kabati, mimi na mzee. Swichi ya mtandao, inayokusanya kebo zote, ina matundu 24. Nikawa nachomoa kebo moja, nangoja sekunde tatu, narudisha. Mzee ndiye aliyekuwa macho yangu. "Bado. Bado. Bado." Nilipofika ya kumi na moja, akasema, "Imesimama." Akainama akaishika kebo ile, ya buluu, mpya, bado ina ile harufu ya plastiki.

"Hii ndiyo walivuta Jumamosi," akasema. "Inaenda langoni. Ile mashine ya vidole."

Mashine ya alama za vidole, ya mahudhurio ya wafanyakazi. Nikaenda langoni kwenye mvua, soja akanifungulia menyu yake, nikaiona: 192.168.1.201, anwani iliyotoka nayo kiwandani. Waliokuja kuifunga waliichomeka, wakaona inawaka, wakaondoka. Siku hiyo hiyo kijana wa ofisi aliandika namba ya zamani kwenye printa, lakini chaguo la kupokea anwani yenyewe lilibaki limewashwa, kwa hiyo printa ikapuuza alichoandika na kuchukua 192.168.1.37 kutoka kwa ruta. Hakuna aliyefanya uzembe mkubwa. Ni makosa mawili madogo ya Jumamosi moja yaliyokutana kwenye namba moja.

Na laptopu? Hapo ndipo palipokuwa na jibu tangu asubuhi. Windows mpya, ukiiachia itafute printa yenyewe, mara nyingi hutumia njia inayoitwa WSD. Laptopu inauliza mtandaoni ni nani printa hapa, na printa inajitaja na kusema inapatikana wapi. Haishiki namba, inashika kifaa. Kwa hiyo laptopu ziliifuata printa hadi 37 bila mtu kuambiwa. Seva, kwa kuwa ilifungwa na fundi wa zamani kwa njia ya TCP/IP ya kawaida, inayoshika namba tu, ilikuwa inatuma karatasi za saruji kwa mashine ya vidole, mara kwa mara, kwa uaminifu, na mashine ya vidole ilikuwa inazikataa. Seva ilikuwa imefanya kila ilichoagizwa. Mimi ndiye niliyeishuku.

Mambo mawili yangeniokoa, na yote mawili yangechukua dakika tano. Printa ya ofisi huwa na uwezo wa kuchapa ukurasa wa mipangilio yake yenyewe kutoka kwenye menyu, bila kompyuta yoyote. Ukurasa huo una anwani ya mtandao, anwani ya kifaa, na kama anwani imewekwa kwa mkono au imepokelewa. Sasa ndiyo karatasi ya kwanza ninayoitoa kabla hata sijaketi. La pili ni kugonga mlango wenyewe badala ya kupiga hodi uani. Ping inakuambia tu kwamba kuna kifaa kilicho hai kwenye anwani. Printa nyingi za mtandao husikiliza kwenye mlango namba 9100, yaani namba ya mawasiliano ndani ya anwani, na nyingine pia 515 kwa itifaki ya kale ya LPD, au 631 kwa IPP. Mashine ya vidole haina habari ya 9100. Ningeujaribu mlango huo saa tatu asubuhi, ningekataliwa papo hapo, na ningeanza kujiuliza maswali ya maana.

Nilimpa mzee nafasi ya kula chakula, nikaipa printa anwani 192.168.1.210, safari hii kwa mkono na nikahakikisha lile chaguo limezimwa. Niliangalia kwenye ruta kwanza. Ilikuwa inagawa kuanzia 20 hadi 150, kwa hiyo 210 iko nje ya mgao na haitapewa simu ya mtu. Halafu kwenye seva nikaongeza ile programu ndogo ya telnet, ya kugonga mlango na kutuma maandishi, ambayo kwenye toleo hilo haiji ikiwa imewashwa, nikaifungua kuelekea 192.168.1.210 mlango 9100.

Skrini ikawa nyeusi tupu. Unachoandika hukioni, unaandika gizani. Nikaandika MACHAKOS, nikabonyeza kitufe cha kuteremka mstari, nikafunga muunganisho. Upande wa pili wa ukumbi printa ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Mzee akaja na karatasi ameishika kwa ncha za vidole. Nyeupe yote, isipokuwa neno moja kwenye kona ya juu kushoto.

"Hii ndiyo ya lori?"

"Bado, mzee. Hii ni ya kujua njia iko wazi."

Aliiweka juu ya kitabu chake cha kaboni, pembeni ya kikombe, na ilikaa pale hadi jioni.

Nikatengeneza njia mpya ya TCP/IP kwenye foleni ya zamani. Mara ikaandika kwamba printa haipo hewani, wakati nimetoka kuiandikia neno sasa hivi. Hili ni jambo la kero lakini dogo. Windows huiuliza printa hali yake kwa itifaki ya SNMP, kwa neno la siri la kawaida, public, na printa isipojibu swali hilo inahesabiwa kuwa imezimwa. Baadhi ya printa huwa zimefunga jambo hilo kwa usalama. Niliondoa tiki kwenye kisanduku cha hali ya SNMP katika mipangilio ya njia, ikarudi hewani.

Mzee akatuma oda ya Machakos. Printa ikaanza kutoa karatasi, na madam akapiga makofi kutoka mezani kwake. Kisha ikatoa nyingine. Na nyingine. Nikaikimbilia. Ukurasa wa kwanza ulianza na %!PS-Adobe-3.0, na chini yake mistari na mistari ya maandishi ya programu, mabano, namba, alama za mkwaju. Zilikuwa zimeshatoka kama kumi na tano nilipoizima.

Seva ilikuwa inazungumza lugha ya printa iliyokufa. Ile ya zamani ilikuwa inajua PostScript, lugha ya Adobe ya kueleza ukurasa. Hii mpya, ya bei nafuu, haijui PostScript kabisa. Inajua PCL, ya HP, ambayo watengenezaji wengine pia huitumia. Ilipopokea PostScript iliiona kama barua ndefu, ikaichapa neno kwa neno. Kwa hiyo hapa ndipo draiva, programu inayoitafsiria printa kazi ya kompyuta, inapoingia, na hapa ndipo umri wa seva ulipotudai kweli.

Draiva mpya ya mtengenezaji ilikataa kuingia. Ikasema sahihi yake haiwezi kuthibitishwa. Si kwamba sahihi ni ya bandia. Draiva za sasa hutiwa sahihi kwa SHA-2, njia mpya zaidi ya kutia sahihi ya kidijitali, na Windows Server 2008 R2 haikuzaliwa ikijua kuisoma kwenye draiva. Ilifundishwa kwa sasisho la mwaka 2015, na seva hii haikuhudhuria somo hilo. Ningeweza kuleta sasisho kwa flashi, lakini sasisho kwenye mashine isiyoguswa miaka yote hiyo, Jumatatu alasiri, na lori sita langoni? Hapana. Hilo linafanywa Jumamosi usiku baada ya kuhifadhi nakala ya kila kitu.

Nilichofanya ni kutafuta ndani ya seva yenyewe. Windows ya wakati ule ilikuja na orodha ndefu ya draiva ndani yake, zilizotiwa sahihi ya zama zake. Nikachagua printa ya leza ya kale ya mtengenezaji yule yule, inayozungumza PCL 5, kwa sababu kitabu cha printa mpya kilisema inaielewa. Haitachapa pande mbili, na haitajua kuwa ina trei ya pili. Karatasi ya lori haihitaji hayo.

Tukatuma. Printa ikawasha taa ya rangi ya chungwa, ikakaa kimya, ikidai karatasi ya Letter. Hapo nilitaka kucheka kwa furaha, maana tatizo hilo ni rafiki wa zamani. Draiva ile ilikuwa imewekwa kwa karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, na katika trei tuna A4, 210 kwa 297, kama ofisi nyingine zote za Nairobi. Nikabadilisha kwenye mipangilio ya kawaida, si kwenye ile ya mtumiaji mmoja, ili mzee na wengine wote wapate A4.

Karatasi ya Machakos ilitoka saa kumi kasoro dakika nane. Mzee aliisoma mstari kwa mstari akiilinganisha na ile aliyoiandika kwa mkono asubuhi, kidole cha buluu kikishuka taratibu. Mabati, misumari, saruji. Alipofika chini akatia sahihi, akampa dereva, na dereva akatoka bila kuaga.

Kesho yake nilirudi bila kuitwa. Nilinunua kauntabuku njiani, na mimi na mzee tukazunguka duka zima: kamera, ruta, swichi, laptopu, mashine ya vidole ambayo sasa iko kwenye 192.168.1.215, kila kitu chenye waya. Mimi nilikuwa nainama na tochi kusoma vibandiko, yeye anaandika, kwa sababu mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Jina la kifaa, anwani, tarakimu kumi na mbili, tundu la swichi, na tarehe. Safu ya mwisho aliiongeza mwenyewe bila kuniuliza: aliyeifunga. Tumekubaliana kwamba hakuna fundi atakayechomeka kitu kwenye swichi ile bila kupita kwenye meza yake kwanza.

Mwenye duka aliniuliza kama seva ibadilishwe. Nilimwambia ndiyo, na ningemwambia hivyo hata kama karatasi zingetoka saa tatu asubuhi. Mashine isiyopata kinga tena haifai kushika vitabu vya watu. Kwa sasa nimeifungia isifike kabisa kwenye intaneti, nakala za data zinachukuliwa kila usiku kwenye diski mbili, na mmoja wa waliotengeneza programu ya stoo anajaribu kuihamishia kwenye toleo jipya. Lakini nilimweleza pia, mbele ya mzee na madam, kwamba Jumatatu ile seva haikuwa na kosa. Mzee aliitazama kabati ile chini ya ngazi, akaenda akaigeuza feni kidogo ili iipulizie vizuri, akarudi kwenye meza yake.